Unga wa sumaku wa kunasa urani: tathmini kutoka maabara ya Mombasa

Kwa miezi miwili, katika maabara yetu hapa Mombasa, tumetumia unga wa nanokompositi, yaani mchanganyiko wa chembe ndogo mno: chembe za magnetaiti (oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku) zilizovikwa silika (kiambato kikuu cha mchanga) na kupachikwa vikundi vya fosfonati (vikundi vyenye fosforasi vinavyoshika urani), ili kunasa urani katika mabaki ya majimaji yenye asidi ya nitriki. Fosfonati ni chaguo la busara, kwani katika asidi ioni za hidrojeni hugombania nafasi na uranili (ioni ya urani iliyoyeyuka majini), na vikundi vya amidoksimu, vinavyosifiwa kwa kuvuna urani ya baharini, hupoteza nguvu. Kilichonifurahisha mno ni utenganishaji: ukiegemeza sumaku ubavuni mwa bika (gilasi ya maabara), unga mweusi hujikusanya upande mmoja na maji hubaki maangavu, bila chujio kuziba.

Kopo la pili la unga huo lilinisikitisha. Baada ya usiku mmoja maji yaligeuka manjano, na nilipotia matone ya thayosayaneti, kemikali ya kutambua chuma, yakawa mekundu kama damu, ishara kwamba silika ilikuwa na nyufa na asidi ilikuwa ikiyeyusha chuma cha ndani. Muuzaji alipaswa kutahadharisha. Kwa asidi hafifu nitaununua tena. Kwa asidi kali, hapana. Unyevu wa pwani nao huugandisha unga, hivyo kopo lifungwe barabara.