GTA nne nilizocheza, nikizipima kwa bahari zake

Wengi hulinganisha GTA (Grand Theft Auto, mfululizo wa gemu za video za ujambazi) kwa magari. Mimi nimekulia Lamu, mji wa punda na vichochoro, kwa hiyo gemu naanza kulipima majini.

Vice City ya 2002 hapo ilifeli. Mji umezungukwa na bahari, boti za kasi zipo, lakini Tommy Vercetti, jambazi unayemchezesha, akiingia kina tu, kwisha! Chumba cha gemu huku Langoni, mtaa wa Lamu, kilikuwa kikivunjika mbavu: jambazi la kutisha mji mzima lauawa na maji ambayo sisi tulijirusha tangu udogoni. Redio zake, hata hivyo, sijasikia mfano.

San Andreas, 2004, ndiyo iliyomtia mhusika wake mkuu, CJ, majini kweli. Anaogelea, anapiga mbizi, pumzi inamwishia, na kadiri unavyomzoesha ndivyo anavyostahimili. Chini huko kumefichwa chaza 50, na kuwatafuta kulinimalizia jioni nyingi kuliko misheni zenyewe. Akila ovyo ananenepa, akienda jimu anatuna misuli. Miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, tena yote kwenye PlayStation 2! Hata wawili mnaweza kucheza pamoja sehemu fulani, ingawa skrini ni moja na mwenzako akibaki nyuma hamwendi mbali.

GTA IV ya 2008 naipenda kwa hadithi. Niko Bellic, mhusika wake mkuu, ana huzuni ya mtu mzima, na gari likikata kona unahisi uzito wake. Ila vitu vilipunguzwa mno. Hakuna ndege ya kurusha, hakuna jimu, hakuna gereji ya kupamba gari. Niko anaogelea juu juu, kuzamia hawezi.

Kisha GTA V, 2013. Hapa bahari ina sakafu: mitungi ya hewa, nyambizi, mabaki ya meli, na papa ambaye hakupi nafasi ya pili. Wahusika wakuu ni watatu, na kuhama kutoka kwa Michael hadi kwa Franklin au Trevor kunaondoa uchovu wa misheni. Kinachonikera ni kuwa San Fierro na Las Venturas hazimo, na mtu ale mpaka ashibe, mwili uko vile vile.

Mwenye mashine ya zamani achukue San Andreas, hajakosa kitu. Anayetaka kuzamia, V. Na zote ni za watu wazima, miaka 18, wadogo wakae mbali na pedi za gemu.