Kijitabu cha Mazishi ya Mama: Tathmini ya Duka Moja la Uchapishaji Mjini Kisumu

Mama alipofariki, kamati ya mazishi iliamua kwamba kijitabu cha historia yake kichapishwe Kisumu, ijapokuwa nyumbani kwetu ni Vihiga na mjini Mbale kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Wazee walitaka kurasa za rangi zenye karatasi ya kung'aa, na waliamini kwamba mashine za Kisumu ndizo zinazoaminika. Duka lenyewe sitalitaja jina, kwa kuwa katikati ya mji kuna mengi yanayofanana nalo, na nitakayoyasema yatamfaa hata yule atakayeingia kwa jirani yake.

Nitaanza na uandishi, kwa sababu hapo ndipo duka hili lilipojipatia sifa kwangu. Maduka haya huwa na mpangilio ulio tayari kwenye kompyuta, wenye vichwa vya Kuzaliwa, Elimu, Kazi, Ndoa na Ugonjwa, na familia hutakiwa kujaza tu. Kwa mwalimu mstaafu au chifu mpangilio huo hujijaza wenyewe. Mama alisoma hadi darasa la nne, hakuwahi kuajiriwa popote, na katika Kanisa la Marafiki, ambalo wamishonari wake walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902, hakushika cheo chochote zaidi ya kuimba na kina mama wenzake. Katika rasimu tuliyoipeleka, Elimu ilichukua mstari mmoja, Kazi ikaandikwa kwamba alikuwa mama wa nyumbani na mkulima, kisha Ugonjwa ukajaza karibu ukurasa mzima, pamoja na wodi alizolazwa na vipimo alivyofanyiwa.

Binti aliyekuwa akipanga kurasa aliisoma rasimu hiyo yote kabla ya kugusa kompyuta, jambo ambalo sikulitarajia. "Poleni sana, mama," aliniambia, "lakini humu naona hospitali, nyanya mwenyewe simwoni." Kisha akaanza kutuuliza, mimi na kaka yangu mkubwa, maswali ambayo hayamo katika fomu yoyote: wageni wakibisha hodi bila taarifa, nyanya aliwapikia nini; majirani walikuja kuazima nini kwake; ni jambo gani lililokuwa likimkasirisha upesi. Alikuwa akiandika majibu kwa kalamu nyuma ya risiti kuukuu, bila haraka, huku wateja wengine wakisubiri mlangoni na mmoja wao akilalamika waziwazi.

Majibu hayo ndiyo yaliyojaza kijitabu. Tulieleza jinsi Mama alivyotengeneza chumvi yake ya mrenda kwa kuchoma maganda makavu ya maharagwe, kuyatia majivu yake kwenye mkebe uliotobolewa matundu chini, na kuyamwagia maji kidogo kidogo hadi matone ya rangi ya chai yajae kwenye bakuli. Kijiko kimoja kilitosha kulainisha sufuria nzima ya mboga. Tulieleza pia kwamba baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, na somo la sayansi kimu likaletwa katika shule za msingi, watoto wa kijiji kizima walikuja kwake kuazima jiko, sufuria na pasi ya makaa kwa ajili ya mitihani ya vitendo. Aliwaazima wote, akakumbuka kila kifaa kilikuwa kwa nani, na akawafuata makwao waliochelewa kurudisha. Kaka yangu aliona aibu kidogo kuandika hilo la kufuatwa. Binti alisisitiza libaki, na siku ya mazishi ndilo lililowachekesha watu wazima waliokuwa wanafunzi wakati huo.

Kwa upande wa tarehe ya kuzaliwa, ushauri wake ulikuwa wa busara. Iliyokuwa kwenye kitambulisho ilikadiriwa na karani, na mjomba wetu hakuikubali hata kidogo, kwa sababu anakumbuka kwamba Mama alizaliwa wakati babu alikuwa Burma na kikosi cha King's African Rifles. Mapigano ya kikosi hicho kule yalikuwa ya mwaka 1944 na 1945, kwa hiyo tuliandika hivyo hivyo, kwamba alizaliwa baba yake akiwa vitani Burma, na ugomvi ukaishia hapo. Ukurasa wa ugonjwa ulipunguzwa ukawa sentensi mbili. Orodha ya watoto, wakwe na wajukuu ni suala ambalo duka lolote haliwezi kulitatua, na nawashauri wenye msiba walimalize nyumbani kabla ya kupanda matatu.

Picha zilitupa taabu zaidi. Wanawake wa kizazi cha Mama hawakupigwa picha nyingi, na kwa wengi wao ya zamani kabisa ni ile ya kitambulisho, kwa kuwa sheria ya usajili ilianza kuwajumuisha wanawake baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 1978. Yetu ilikuwa imepasuka kona moja na kupauka usoni. Fundi wa picha aliirekebisha vizuri, bila kumpaka Mama ngozi laini ya msichana kama nilivyoona kwenye vijitabu vingine. Picha zilizotumwa na ndugu kupitia WhatsApp zilikuwa hafifu, maana programu hiyo huzibana zinapotumwa kwa njia ya kawaida. Fundi aliwaomba wazitume upya kama faili, na tofauti ilionekana papo hapo. Picha za karatasi ni heri kuzipeleka zenyewe dukani zikapigwe skana kuliko kuzipiga kwa simu chini ya taa ya sebuleni.

Jalada ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Duka lilikuwa na maua meupe na njiwa walio tayari, kama ilivyo kila mahali. Dada yangu alikuwa amefunika bahasha ya picha kwa kitambaa kimoja cha viti alichokifuma Mama kwa kulabu, na binti alipokiona alikiomba, akakilaza juu ya kioo cha skana, akakitumia kama mandhari ya jalada lote. Ukiangalia kwa karibu unaona kila fundo la uzi, na pembeni kuna doa la chai ambalo fundi alitaka kulifuta tukamkataza.

Uchapishaji wenyewe haukufikia kiwango cha uandishi. Nakala ya kuhakiki ilitolewa kwenye mashine moja na nakala za mwisho kwenye nyingine, na rangi za uso zikatoka nyekundu kuliko tulizoziidhinisha. Nakala chache zilikuwa na pini zilizokwenda upande. Tuliahidiwa mzigo saa sita mchana, ukatoka usiku, wakati vijana wetu walikuwa wakisubiri na gari la kukodi ambalo malipo yake yaliongezeka kila saa. Mwenye duka aliomba radhi kwa maneno matamu lakini hakupunguza hata shilingi. Isitoshe, malipo ya kurekebisha picha, ambayo hutozwa kwa kila picha, hayakutajwa hadi ankara ya mwisho, na hilo naliona kuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa, kwa sababu watu waliofiwa hawana nguvu za kubishana kaunta.

Bei ya msingi ilikuwa shilingi 120 kwa nakala ya kurasa 16, nusu ikilipwa mapema kwa M-Pesa, na kwa ubora wa karatasi naiona ya haki. Idadi ya kurasa haichaguliwi ovyo: karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha pini huwa na kurasa 12, 16 au 20, na ukiongeza picha moja tu baada ya kufunga mpangilio unaweza kulazimika kulipia kurasa nne zaidi. Sisi tuliokolewa na ule ukurasa wa ugonjwa uliopunguzwa.

Kwa yule anayemzika mzazi mwenye vyeti na vyeo, na anayetaka kazi ya haraka, maduka mengine ya Kisumu yatamfaa kwa usumbufu mdogo. Anayemzika mama ambaye kazi yake yote ilikuwa nyumbani na shambani, ningemwelekeza hapa bila kusita, mradi aulize bei ya picha siku ya kwanza, adai nakala ya kuhakiki itoke kwenye mashine ile ile itakayochapisha, na apange kuchukua mzigo siku moja kabla ya ile anayouhitaji. Baada ya mazishi tuliagiza nakala za ziada kwa ajili ya jamaa wa Eldoret na Nairobi ambao hawakufika. Tulitozwa bei ile ile ijapokuwa zilikuwa chache, na safari hii nyuso zilitoka na rangi yake.