Kushonwa mfereji wa machozi baada ya ajali ya boda, uzoefu wangu

Nilianguka na boda, leva ya breki ikanichana kope la chini pale konani karibu na pua. Ukiliangalia jeraha lenyewe dogo tu, na hospitali ya kwanza walitaka kushona ngozi fasta nirudi nyumbani, bahati kulikuwa na nesi mmoja zamu akasema hapana, hapo ndipo mfereji wa machozi unapopita, ule unaoshusha machozi puani, huyu aende kwa bingwa wa macho leo leo. Yule dada Mungu ambariki sana. Bingwa alivyoniona akasema ni vizuri ishonwe ndani ya siku 1 au 2 hivi, ukichelewa kovu linaanza kujaa na kuzipata ncha zilizokatika inakuwa shughuli.

Mimi nilipigwa nusu kaputi, wengine wanachomwa ganzi tu. Wanatumia darubini, wanapitisha kimrija cha silikoni chembamba mno humo kwenye mfereji halafu wanashona juu yake ili upone ukiwa wazi. Maumivu ya kawaida, uso ukavimba, sindano ya pepopunda nayo haikosekani.

Kinachochosha sasa ni huo mrija, unakaa miezi kama 3 mpaka 6, kichwa chake kinachungulia konani kama kichwa cha pini na mwanzoni unawasha balaa yani mkono unaenda wenyewe na hutakiwi kufikicha hata kidogo, machozi yakitoka unagusa taratibu na kitambaa kisafi basi, ukiburuza kitambaa kuelekea sikioni unaweza kuuchomoa.

Malalamiko yangu ni moja, bima ilibeba upasuaji ila mrija wakasema haumo, na tumeambiwa hivyo niko tayari nimevaa gauni la theatre, ikabidi bro aanze kuchangisha kwenye grupu la familia usiku ule.

Kuutoa wala sio ishu, matone ya ganzi, kibano kidogo, umetoka. Halafu dokta akaingiza maji ya chumvi kwenye kile kitundu cha kope kwa sindano butu akaniuliza unasikia nini, nikasikia chumvi kooni, akacheka, njia inapitisha.

Kovu halionekani sana. Kwenye upepo jicho bado linatoka machozi kidogo, akasema ikizidi kuna upasuaji mwingine wa kufungua njia mpya kwenda puani, ila kwa hali hii sidhani kama nitauhitaji.