Kamera ya tumbo: hospitali mbili, na nesi aliyepiga simu jioni

Nimempeleka mama kupima kamera ya tumbo mara mbili ndani ya miezi mitatu, hospitali mbili tofauti hapa hapa Dar. Madaktari kote walikuwa vizuri tu, mashine kwa macho yangu zinafanana, ila kilichofanya mara ya kwanza tupoteze hela na mara ya pili tupate majibu ni manesi. Majina ya hospitali nayaacha, ninachotaka ujue ni nini cha kuangalia kabla hujalipia mzazi wako.

Mama ana miaka 61, tunaishi Mbagala. Tumbo limemsumbua siku nyingi, akaanza kupungua mwili, damu ikashuka, daktari akaandika apimwe juu na chini, yani kamera ya kupitia mdomoni inayoangalia tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo, na ile ya kupitia njia ya haja kubwa inayoangalia utumbo mpana.

Kule kwa kwanza tulipewa karatasi ya Kiingereza na pakiti za unga wa kusafisha utumbo, wa kuchanganya na maji, dirishani, nesi anaongea na sisi huku anaita namba inayofuata. Hakuna aliyeuliza mama anatumia dawa gani. Na mama alikuwa kwenye vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma, ambavyo vinafanya choo kiwe cheusi na kinanata utumboni, inatakiwa viachwe kama wiki moja kabla ya kipimo. Sisi tunajulia wapi? Jioni kala ugali na matembele maana alichoelewa ni asile kuanzia saa sita usiku, unga kanywa nusu ukamtapisha akaacha. Tumefika saa moja asubuhi kaingizwa saa saba mchana, baada ya dakika chache daktari katoka, utumbo mchafu, haoni kitu, turudi siku nyingine tulipie upya. Bado ana sindano ya usingizi mwilini na hakuna aliyetuambia tusipande daladala, kwaiyo tukapanda, kalia kimya kimya mpaka Rangi Tatu huku anafuta machozi na mtandio. Ile siku iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Sasa hii hospitali ya pili, kitengo chao cha endoskopi, yani cha hivi vipimo vya kamera, kiko ghorofani, kidogo tu. Kabla hata ya kupangiwa tarehe nesi alituita ndani akafunga mlango. "Shikamoo mama, nikae na wewe kidogo tuongee." Akaanza kuuliza dawa moja moja: za presha? za sukari? za kulainisha damu? vidonge vya damu? na zile mnazonunua wenyewe duka la dawa? Mama akataja omeprazo, anaimeza kila tumbo likiwaka, nesi akamwambia aiache wiki mbili kabla kwasababu inaweza kumficha bakteria wanaemtafuta. Vidonge vya damu aache wiki nzima. Cha presha ameze asubuhi ile ile ya kipimo na maji kidogo. Mama hana sukari ila aliyekuwa na sukari pembeni yetu nilisikia anapangiwa utaratibu wake tofauti na akaandikiwa.

Halafu kauliza swali ambalo sikutegemea kabisa: "Dada, mnaishi nyumba ya choo cha ndani au cha kushea uani?" Nikamwambia cha uani, wapangaji sita. Akasema basi ongea na majirani mapema, jaza ndoo za maji kabisa maana yakikatika usiku huo mtapata shida, na ndoo moja yenye mfuniko iwe chumbani kwa mama, kwasababu anaenda choo mara nyingi, mwili unalegea, akianguka uani gizani ndo balaa lingine. Mafuta ya mgando apake baada ya kunawa, maana ngozi inachubuka. Hakuna karatasi itakayokwambia hayo.

Chakula pia alikisema kwa lugha ya jikoni kwetu. Siku mbili tatu kabla aache matembele, mchicha, maharage, mapera, chochote chenye mbegu au nyuzi, ale wali mweupe, samaki, mayai. Siku moja kabla ni maji maji tu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, na asiguse rozela wala juisi yoyote nyekundu, maana mabaki yake kwenye kamera yanafanana na damu. Unga wa kusafisha lita nne, mbili jioni na mbili kuanzia saa tisa usiku, glasi moja kila robo saa, uwe wa baridi, akitaka akamulie limao. Kweli kwa baridi mama aliumaliza.

Jioni ile simu ikaita, nesi yule yule. Anataka kuongea na mama mwenyewe. "Mama, choo kinatokaje sasa hivi, kina mabonge?" Mama aliona haya, kuongea mambo ya choo na mtoto wa umri wa mjukuu wake, lakini yule binti hakuzungusha, akamwambia tunataka kifike kiwe kama mkojo, njano na unaona mpaka chini ya ndoo, bado kina mabonge endelea, usiogope. Alfajiri nikamulika na tochi ya simu, ilikuwa kama alivyosema.

Ndani sikuruhusiwa, ila mama kanisimulia yote. Kavuliwa meno ya bandia, yakawekwa kwenye kikopo chenye jina lake. Kapuliziwa dawa ya ganzi kooni, kalazwa ubavu wa kushoto, nesi mmoja kazi yake ilikuwa kichwani kwake tu, mkono begani, anamwambia vuta pumzi kwa pua, mate usiyameze yaache yatiririke, mimi nayafuta. Mama anasema ile sauti ndo anayoikumbuka.

Kosa lao: mama alikuwa na piko nyeusi mikono na miguu, alitoka harusini, na kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni kikawa hakisomi vizuri, wakahangaika mpaka wakakiweka kwenye sikio. Kwa mji huu hilo ni swali la kuuliza kwenye simu. Lingine, mwenye mgonjwa hana pa kukaa, nilisimama kwenye korido masaa, na choo cha wagonjwa ni kimoja, hakina hata msumari wa kutundika khanga. Nyota nne nawapa, hiyo moja ni hapo.

Alipotoka, nikafungua chupa ya chai nimpe, nesi akanizuia mkono. Koo bado lina ganzi, chai inaweza ikamuunguza bila kujua au ikaingia njia ya hewa. Baada ya kama saa moja akamnywesha maji kijiko kimoja, akamwangalia anavyomeza, kisha kingine, ndo akaniruhusu. Tumbo lilikuwa limejaa hewa, mama anajizuia kwa aibu, nesi kavuta pazia akamwambia itoe tu mama, ukiibana ndo inakuuma.

Majibu: kidonda mwanzo wa utumbo mdogo, na bakteria wa helikobakta pailori, anayesababisha vidonda vya tumbo, ndo yule waliyekuwa wanamtafuta, utumbo mpana hauna kitu. Miaka yote tulikuwa tunamwambia mama punguza mawazo, punguza pilipili, kumbe waliogundua huyu bakteria, Barry Marshall na Robin Warren, walishapewa tuzo ya Nobel tangu 2005. Anatibika kwa dawa, na mama kashaanza.

Tukaondoka na karatasi ya Kiswahili: leo asipike, asikae peke yake, asipande bodaboda. Tumbo likikaza kama ubao, akitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, homa au kifua kuuma, mrudi saa hiyo hiyo hata usiku, na namba ya simu chini. Asubuhi yake wakapiga kuuliza kaamkaje.

Karatasi ile mama kaiweka kabatini, juzi kampa mama mdogo anayeenda wiki ijayo. Vidonge vya damu kashaacha, na piko kaambiwa asipake.