Klabu ya tramu ndogo pale Kensington, Philadelphia: wapelekeni watoto, na muangalie waya

Mjukuu wangu ana miaka tisa na habari ya magari haimhusu. Yeye ni tramu tu. Tunakaa kusini-magharibi mwa Philadelphia, hatua chache kutoka Woodland Avenue, na tramu ya namba 11 inapita hapo tangu alfajiri. Siku hizi wameibandika jina T4, lakini nyumbani kwetu bado ni kumi na moja. Mtoto anaijua kwa mlio wa magurudumu kabla haijatokea. Ndiye aliyeniburuta kwenye klabu hii ya watu wanaotengeneza na kuendesha tramu ndogo za modeli. Nimeshakwenda mara nne, na naona ni haki niwaandikie wenzangu mlio hapa mjini na mnatafuta pa kumpeleka mtoto Jumamosi.

Mimi ni fundi umeme. Nimeifanya kazi hiyo Mombasa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu na kuja kukaa kwa binti yangu. Kwa hiyo nikikagua kitu chochote naanzia kwenye waya, na maelezo yangu mengi yatakuwa hapo.

Kwanza kufika. Klabu iko ghorofa ya pili ya jengo la matofali lililokuwa kiwanda cha nguo, upande wa Kensington. Mnaweza kupanda treni ya juu mkashuka Girard, lakini mkiwa na mtoto njooni na tramu ya Girard Avenue yenyewe, namba 15, siku hizi inaitwa G1, kwa sababu atakachokipanda ndicho atakachokiona mezani. Siku ya wazi kiingilio ni dola 5 kwa mtu mzima, watoto bure. Ngazi ni 34, nimezihesabu, na lifti haifanyi kazi. Hilo nitalirudia.

Ukiingia unakuta meza ndefu inayozunguka ukumbi mzima. Meza hiyo kwa kweli ni vipande. Kila mwanachama ana kipande chake cha mbao, urefu wa kama mita moja na robo, na kanuni moja inawabana wote: reli zitoke ukingoni pale pale, kwa kimo kile kile, ili kipande cha yeyote kiungane na cha yeyote. Siku yetu ya kwanza vilikuwa ishirini na viwili. Juu ya kipande chake mtu anapamba apendavyo. Mmoja ana daraja la Girard juu ya mto Schuylkill na bustani ya wanyama kando yake. Mwingine ametengeneza safu ya nyumba za matofali mekundu zilizobanana ukuta kwa ukuta, kila mlango na ngazi zake tatu za marumaru nyeupe, kama zilivyo mitaa ya hapa. Nyuma ya nyumba hizo kuna kamba ya nguo, na shati moja limeanguka chini, dogo kuliko punje ya mchele. Mjukuu wangu alisimama pale mpaka nikaogopa tutakosa mengine.

Wanatumia vipimo viwili. HO ni mara 87 ndogo kuliko tramu ya kweli, na tramu yake ina sentimita 16 hivi. O ni mara 48, tramu ina karibu sentimita 30, na ndani yake unamwona dereva na hata vishikio vya abiria.

Sasa waya. Treni nyingi za modeli hupata umeme kwenye reli zake mbili, moja chanya na nyingine hasi. Fundi yeyote anaiona shida hapo hapo. Reli ikizunguka kama kitanzi ikarudi kujiunga na yenyewe, chanya inakutana na hasi na mfumo unapiga shoti. Wenye treni huihangaikia kwa swichi na vifaa vya kugeuza. Lakini tramu maisha yake ni kitanzi: inafika mwisho wa njia, inazunguka, inarudi ilikotoka. Namba 15 inafanya hivyo pale makutano ya mitaa ya 63rd na Girard. Klabu hii wamefanya kama ilivyo barabarani. Chanya iko kwenye waya wa juu, na reli zote mbili ni hasi. Zungusha utakavyo, shoti hakuna. Barabarani ni volti 600 za DC, mezani ni 12, ila njia ya umeme ni ile ile: unashuka kwenye mlingoti, ile fimbo ya juu ya tramu inayogusa waya, unapita kwenye mota, unarudi kwa magurudumu na reli. Nimeshaona modeli ambazo waya wa juu ni pambo tu na tramu inakula umeme wa chini. Hapa ukiushusha mlingoti kwa kidole, tramu inasimama na taa zake zinazimika. Nilipoona hivyo nikaomba kiti.

Aliyenipa kiti ni mzee mmoja ambaye zamani alikuwa dereva wa tramu za mji huu. Akanionyesha kazi ilivyo. Waya wao ni wa bronzi ya fosfa, unene wake kama nusu milimita. Waya haupindi kama reli inavyopinda. Kwenye kona unakwenda kwa mistari mifupi iliyonyooka, na kila unapovunja mwelekeo unavutwa kando na kijiwaya kilichofungwa kwenye nguzo. Ukivuta mno, mlingoti unachomoka. Ukilegeza, waya unalala na mlingoti unachomoka vilevile. Aliniuliza kama nimewahi kulehemu. Nikamwambia ndiyo kazi iliyonilisha mimi na wanangu. Bila neno jingine akanipa pasi ya kulehemu.

Kiungo kimoja cha namna hiyo ni kazi ya dakika kumi. Unapitisha msasa laini mpaka waya ung'ae. Unapaka flaksi, ile dawa ya kushikisha lehemu, kwa ncha ya kijiti cha meno. Unagusa moto sekunde moja, na unaondoa mkono, maana ukizidisha joto linatembea, kiungo cha jirani kinayeyuka na kazi ya jioni nzima inadondoka. Halafu unapitisha ukucha chini ya waya, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukucha ukikwaruza, kuna tone la risasi limeganda, na tramu itakapofika hapo mlingoti wake utaruka. Unachukua tupa ndogo, unalainisha, unapitisha ukucha tena. Mzee aliukagua mkono wangu kwa ukucha wake mwenyewe. Mara ya kwanza akatikisa kichwa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akaweka tramu kwenye reli, akainua mlingoti wake, akaisukumia umeme, na ikapita chini ya kiungo changu bila hata taa kupepesa. Miaka thelathini na moja nimewasha majumba na mahoteli, na bado nilifurahi kama mwanafunzi.

Huku nyuma mjukuu wangu alikuwa amepewa kidhibiti. Wengi wanadhani watoto hapa watasimama nyuma ya kamba watazame tu. Siku za wazi kamba ipo, lakini wakija jioni za kazi wanaendesha, kwa masharti: tramu isimame kila kituo, uhesabu mpaka tano, kengele mara mbili, ndipo uondoke. Nilimwambia aongeze mwendo kidogo tuone kona. Akanijibu bila kugeuka, "Babu, abiria hawajashuka."

Tramu aliyopewa ilikuwa PCC, kijani na krimu. Nilikuwa nimezipanda bila kujua habari zake, na mzee akanisimulia tukiwa tunangoja pasi ipoe. Mwaka 1929 wakuu wa makampuni ya tramu ya Marekani walikaa wakaunda kamati ya kubuni tramu moja bora, nyepesi na tulivu, ili iweze kushindana na magari binafsi; PCC ni herufi za jina la kamati hiyo kwa Kiingereza. Za kwanza zilianza kubeba abiria mwaka 1936, na Philadelphia ikapata zake 1938. Zile zinazokwenda Girard Avenue leo zilitengenezwa St. Louis mwaka 1947. Mwaka 1992 tramu ziliondolewa njia hiyo yakawekwa mabasi. Magari haya ya 1947 yakafanyiwa ukarabati mkubwa, yakawekewa viyoyozi na lifti za viti vya magurudumu, yakarudi barabarani 2005. Januari 2020 yakasimamishwa tena kwa matengenezo, na yakarejea Juni 2024. Wanachama walikwenda pamoja kuyapanda wiki hiyo, na mzee aliponieleza alivyosikia ile kengele tena ilibidi avue miwani. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva wa gari fulani, akaliona likiegeshwa miaka minne, ana haki hiyo.

Jambo moja zaidi la kiufundi, kwa wanaopenda vipimo. Reli za tramu za mjini hapa zina upana wa milimita 1,581, wakati upana wa kawaida wa reli duniani ni 1,435. Reli za kipimo cha O, ukizikuza mara 48, zinatoka kama 1,524. Kwa hiyo wenye treni za kawaida hulalamika kwamba O ni pana mno. Kwa tramu ya Philadelphia kosa hilo limeangukia pema. Mezani pungufu ni milimita moja na kitu, na jicho halioni.

Kila mwezi kuna mkutano, na mwanachama mmoja au mgeni hupewa nafasi ya kueleza jambo. Mwezi uliopita nafasi ilikuwa yangu, nikawaeleza toroli za Mombasa. Vijana wengi wa kwetu hawajui kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita mitaa ya Mombasa ilikuwa na reli nyembamba za futi mbili, kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini, na juu yake vigari vyenye benchi na turubai la kukinga jua. Mota hakuna, farasi hakuna. Watu walivisukuma kwa mikono wakikimbia nyuma. Babu yangu aliviona utotoni, na alikuwa akitusimulia jinsi wao watoto walivyodandia kwenye mteremko mpaka msukumaji awafukuze. Nilidhani nitaongea dakika kumi; waliniuliza maswali karibu saa nzima. Wasukumaji walikuwa wangapi kwa kigari kimoja? Breki ilikuwa wapi? Wiki iliyofuata mmoja wao alikuja na kigari cha bati chenye benchi na turubai la karatasi ya chai. Kwa hilo pekee nawapa heshima yangu yote.

Sasa lawama, na nyingine ni nzito. Zile ngazi 34 zinawafungia nje watu ambao wangependa sana mahali hapa. Mke wangu magoti hayamruhusu, na alitungoja chini kwenye baridi dakika arobaini kabla sijajua kuna mwanachama angeweza kumfungulia chumba cha chini akae. Hakuna bango linalosema hivyo. Liwekwe. Ukumbi nao hauna joto la kutosha. Januari nilifanya kazi na koti, na pasi ya kulehemu haitaki mikono inayotetemeka. Tatu, siku ya wazi walitangaza mpaka saa kumi jioni, na saa tisa na robo walikuwa wameanza kufungua vipande. Kuna mama alikuja na watoto wawili saa tisa na nusu akakuta meza nusu. Watoto wale walilia, na mimi niliona aibu kama mwenyeji.

Siku ya wazi kuna pia meza za wauzaji kutoka nje ya klabu. Hapo muwe macho. Nilinunua tramu ya HO iliyotumika kwa dola 65, muuzaji akaapa inakwenda vizuri. Nyumbani ikawa inagonga tak-tak-tak kila gurudumu likizunguka. Kumbe gia ya plastiki kwenye ekseli ina ufa. Ombeni kitu kiendeshwe mbele yenu angalau mita tatu, mbele na nyuma, mkiwa mmeinamisha sikio. Klabu hawakuwa na hatia, lakini ndio walioitengeneza: mwanachama mmoja alibadilisha gia akakataa hata pesa ya kahawa.

Uanachama ni dola 60 kwa mwaka na mtoto anaingia kwa jina la mtu mzima wake. Jioni za kazi ni Jumanne. Vifaa wanavyo, ila mimi nakwenda na tupa yangu. Tumeshalipa, na tumepewa fremu ya mbao tupu kwa ajili ya kipande chetu. Mjukuu ameamua kiwe Woodland Avenue, na kati ya nyumba zote dirisha moja liwe na taa, juu, upande wa kulia, ndilo letu. Jana usiku tulipima kimo cha dirisha hilo kutoka barabarani kwa kamba, yeye chini na mimi juu, tramu ikapita katikati ya kazi, na akaniomba tungoje abiria washuke.