Meko Yasiyo na Moto: Uzoefu Wangu wa Kumpeleka Mama Lushoto

Naandika haya nikiwa nimekwisha kurudi Dodoma, na hasira ambayo nilidhani ingepoa njiani, kati ya Segera na Morogoro, bado haijapoa. Sitaeleza bei ya vyumba wala idadi ya vitanda, kwa kuwa anayeyataka mambo hayo atayapata kwa kupiga simu. Nitaeleza habari ya meko. Nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo sitaitaja kwa jina, iko Lushoto, juu kidogo ya mji. Ni jengo la zamani lenye kuta nene za mawe, na katika kila picha wanayoitumia kujitangaza pana meko ya ukutani yenye moto mkubwa, kiti cha kuegemea na blanketi lililokunjwa vizuri. Kwa ajili ya picha hiyo nililipa malipo ya awali. Tulipofika, meko yalikuwepo kweli. Moto haukuwepo, kuni hazikuwepo, na mahali pa kuni palikuwa pamewekwa chungu cha maua ya plastiki. Maua ya plastiki, tena katika milima ya Usambara, ambako mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta lile ua dogo la zambarau ambalo leo linapandwa kwenye vyungu duniani kote na bado linaitwa kwa jina lake, Saintpaulia!

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa upande wa Kongwa, na alikuwa ametoka katika matibabu marefu yaliyomwacha dhaifu na mwenye maumivu ya magoti. Huku kwetu ulikuwa msimu wa kipupwe, upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa, naye akasema anataka kupumzika mahali penye majani mabichi. Jina la Lushoto alilitaja mwenyewe. Alipokuwa akisomea ualimu Mpwapwa alilala bweni moja na wasichana wa Kisambaa, waliokuwa wakiwasimulia wenzao kwamba kwao mapea na mapichi huokotwa chini ya miti, na wasichana wa nchi ya mtama na mibuyu wakawa wanawacheka kwa kudhani ni majigambo tu.

Sifa ya Lushoto kuwa mahali pa kurudishia afya haikuanzishwa na wenye nyumba za wageni wa leo. Wasambaa waliijua hewa ya milima yao kabla ya mgeni yeyote, na wafalme wao wa ukoo wa Kikilindi waliweka makao yao Vugha, juu, wala hawakukaa bondeni. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili, na maofisa na walowezi waliochoshwa na joto na homa za pwani wakawa wanapanda huko kutafuta nguvu mpya. Daktari Robert Koch, aliyetangaza kukigundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Afrika Mashariki mwaka 1897 akaendelea na utafiti wake hadi mwaka uliofuata, na miongoni mwa mambo aliyoyachunguza ni malaria, katika nchi za chini na katika milima hiyo hiyo. Sababu ya homa kupungua kule juu inafahamika leo bila mjadala: kijidudu cha malaria hukua polepole mno ndani ya mbu pale baridi inapozidi, hata mbu akafa kabla hajaweza kuambukiza. Lakini watu wale wa zamani, pamoja na makosa yao mengine yote ya kutawala watu wasiowaomba, walielewa jambo moja ambalo wenye nyumba yetu wamelisahau, nalo ni kwamba baridi inayomwondoa mbu ndiyo hiyo hiyo inayomuumiza mgonjwa. Ndiyo maana walijenga meko na dohani katika vyumba vya kulala. Kule mlimani moto ni nusu ya dawa, na tangazo linalouza hewa bila moto linauza nusu ya dawa kwa bei ya dawa nzima.

Barabara ya kupanda kutoka Mombo haina tatizo. Ni kilomita thelathini na ushei za lami na kona, na pale Soni maporomoko ya maji yanaonekana karibu kabisa na barabara, mama akafungua dirisha na kuacha lile shuka alilokuwa amejifunika. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba tulifika tukiwa na kisirani. Tulifika tukiwa na furaha, giza likikaribia, ukungu ukishuka juu ya mikaratusi, na kijana wa mapokezi akatupokea bila kumwamkia mama, macho yake yakiwa kwenye simu. Nilipouliza kuni zitaletwa saa ngapi alisema kuni hakuna. Nikamwonyesha picha yao wenyewe. Akatabasamu, akamgeukia mama aliyekuwa amejikunja kwenye benchi, akasema, “Bibi, kwani si mmekuja kufuata baridi huku? Joto mmeliacha Dodoma.”

Mama alimjibu kwa upole ambao mimi sikuwa nao: “Mjukuu wangu, nimefuata hewa. Kutetemeka sikukufuata.”

Maneno ya kijana yule nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila ninapoyarudia naona kwamba ubaya wake ni mkubwa kuliko utani. Wapo wanaodhani mtu wa Dodoma haijui baridi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai kwetu si wa kukaa nje na fulana. Ila baridi yetu ni kavu, kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo ni jua na upepo. Usambara hupokea mawingu ya Bahari ya Hindi sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kule Lushoto, ambako ni juu ya kwetu kwa mita mia chache tu, baridi huja na maji ndani yake. Shuka lilikuwa kama limeanuliwa kabla ya kukauka. Ukuta wa mawe, ule ule unaopendeza kwenye picha, ulikuwa ukitoa ubaridi usiku kucha, na magoti ya mama yalivimba kufikia alfajiri. Nilimwongezea blanketi langu, nikalala na koti, nikayatazama maua yale ya plastiki mpaka kulipokucha.

Asubuhi sababu zilianza kubadilika. Kwanza tuliambiwa kwamba kuni zimepigwa marufuku kwa kuwa msitu wa Magamba ni hifadhi. Kwamba Magamba ni hifadhi ni kweli, na ni vizuri iwe hivyo, maana bila msitu ule hata mito inayoshuka kwenye mashamba ya mboga ingekauka. Lakini hakuna aliyeomba mti wa Magamba. Mteremko mzima ng’ambo ya dirisha letu ulikuwa na mikaratusi na miwati iliyopandwa na wakulima kwenye mashamba yao, na akina mama walikuwa wakipita na mizigo ya matawi makavu kwenye njia iliyo chini ya ukuta wa nyumba yenyewe. Nilipolisema hilo, sababu ikawa dohani ni bovu. Nilipoomba dohani likaguliwe, sababu ikawa mwenye funguo ya stoo amesafiri kwenda Korogwe. Ilipofika jioni, kijana yule yule alileta suluhisho, na hapo ndipo nilipopandisha sauti kwa mara ya kwanza katika safari nzima: alileta jiko la mkaa lililowaka, akataka kuliweka chumbani na kutushauri tufunge madirisha ili joto lisitoke.

Naomba jambo hili lisomwe polepole na kila mwenye nyumba ya wageni katika nchi za baridi, iwe Lushoto, Njombe au Mbulu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa pamoja na jiko hilo anaweza asiamke. Familia nzima zimekwisha kuzikwa katika nchi hii kwa sababu hiyo. Meko ya ukutani yana dohani la kupeleka moshi na sumu nje. Jiko la mkaa halina. Kumnyima mgonjwa moto ulio salama, kisha kumletea moto unaoua, si uzembe wa kawaida, na sikubali kuuita hivyo. Kijana alishangaa kwamba nakasirika. “Mzee, wageni wengine huwa wanakubali,” alisema.

Aliyetuokoa ni mpishi, mama wa makamo ambaye, alipozisikia kelele, alitoka jikoni na kitambaa begani, akamwamkia mama yangu kwa shikamoo iliyo kamili, akaenda moja kwa moja kwenye meko na kuyatoa maua. Aliingiza mkono ndani, akachungulia juu, akasema dohani ni zima na kwamba mwaka uliotangulia lilikuwa likitumika. Alinielekeza nyumba ya jirani anayeuza kuni. Mzigo mmoja ulikuwa shilingi 3,000, kuni kavu za miwati, na yule jirani alinisaidia kuubeba mpaka mlangoni. Moto ulishika mara moja. Mpishi alikuja na chai ya tangawizi, akaketi na mama, wakaanza kuulizana habari za watoto na wajukuu, na ikagundulika kwamba mama yake mdogo naye alisoma Mpwapwa, ingawa miaka yao ilipishana.

Baada ya hapo lazima niseme ukweli, hata kama unaniharibia malalamiko yangu: Lushoto ilifanya kile ilichosifiwa kwacho. Mama alilala usiku mzima. Alianza kula mboga za majani kwa hamu, na kabeji na karoti za kule, zinazopakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, zikiliwa palepale zilipolimwa huwa na utamu ambao sisi huletewa ukiwa umekwisha. Alitembea bila fimbo hadi sokoni, akapata mapea, akayanusa kwa muda mrefu, akasema wale wasichana walikuwa wakisema kweli. Tulikwenda Irente, ambako mlima umekatika ghafla na chini yake unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Palepale Irente kuna shamba wanakotengeneza jibini na mikate, na mama, ambaye hajawahi kuisifu jibini ya mtu yeyote, aliomba kipande cha pili. Kama ningeandika tathmini hii siku hiyo, ningewasihi watu wa Dodoma wote wapande Usambara, na ningeisamehe ile nyumba kwa ajili ya mpishi wake.

Siku ya kuondoka nilipewa hesabu. Chini ya vyumba, chakula na chai, palikuwa na mstari unaosomeka hivi: huduma ya kuondoa majivu, shilingi 5,000 kwa kila asubuhi.

Nilidhani nimesoma vibaya. Kuni nilinunua mimi, nikazibeba mimi, moto ukawashwa na mpishi ambaye hiyo si kazi yake, katika meko waliyoyatangaza wenyewe na ambayo fedha yake walikuwa wameipokea kabla sijatoka nyumbani; na sasa majivu ya kuni zangu yanalipiwa zaidi kuliko kuni zenyewe. Kijana wa mapokezi alinipa simu nizungumze na meneja, ambaye wakati wote tuliokaa hakuonekana. Meneja aliniambia kwamba majivu yanachafua sakafu na kwamba huo ndio utaratibu wa nyumba. Nilimuuliza utaratibu huo umeandikwa wapi. Akasema wageni wengi huwa hawauulizi. Nilimuuliza pia kama utaratibu wa kuweka jiko la mkaa chumbani umeandikwa. Hapo mawasiliano yalikatika, na sijui kama ni mtandao wa mlimani au ni yeye. Mama alikuwa amekwisha kukaa ndani ya gari, akaniita kwa jina langu la utotoni, akasema tulipe twende. Tulilipa. Risiti ya mashine niliidai, nikaipata baada ya kusimama pale kaunta kwa muda mrefu, na huo mstari wa majivu haukuwemo kwenye risiti.

Mama anataka kurudi tena miezi ya baridi ijayo. Amempigia mpishi simu zaidi ya mara moja, nami nimekwisha kuanza kuulizia nyumba nyingine, swali langu la kwanza likiwa ni kama meko yanawashwa na kuni zinatoka wapi. Wengine hunijibu vizuri, na mmoja alinicheka. Kwa hiyo anayetaka kwenda Lushoto na aende, hasa akiwa na mzazi anayehitaji kupumzika, ila asilipe malipo ya awali kwa ajili ya picha. Wenye nyumba ile wamenitumia ujumbe wakiniomba niwape nyota tano. Nilikuwa nimekusudia kuwapa tatu, mbili zikiwa za mpishi. Lakini baada ya kuandika habari ya jiko la mkaa zikawa mbili, na nilipofika kwenye majivu ikabaki moja, ambayo ni ya mpishi, na meneja asiiguse.