Kipampu cha kuvuta kamasi za mtoto mchanga: nunua kinachofunguka

Mtoto wa miezi ya mwanzo hupumua zaidi kwa pua. Kamasi kidogo zikishaganda, utamwona ananyonya mara mbili tatu, anaachia ziwa, analia, anashika tena. Hapo ndipo kipampu kinapohitajika, na vinavyouzwa havilingani.

Cha kawaida ni kile cha mpira wa kipande kimoja, chenye tumbo la duara na mdomo mwembamba. Ni cha bei ndogo, hakitaki betri, na kinavuta vizuri. Ubaya wake uko ndani, mahali usipoweza kuona. Kamasi na maji ya kusuuzia hazitoki zote, na unyevu unaobaki huotesha ukungu. Kikate kwa wembe kikishatumika kwa muda: mara nyingi utakuta madoadoa meusi yameshika ukuta wa ndani. Kifaa cha namna hiyo hakifai kuingia puani mwa mtoto, hata kama nje kinang'aa.

Kwa hiyo tunapendekeza cha silikoni kinachofunguka vipande viwili, kiwe cha kuona ndani, na ncha yake iwe laini yenye ukingo mpana unaoizuia isizame. Kasoro yake ni kwamba maungio hulegea, hewa ikapenya, nguvu ikapotea. Kijaribu hivi: bonyeza tumbo, ziba ncha kwa kidole, kisha achia. Tumbo likibaki limebonyea, ni kizima. Likijaa lenyewe, kinavuja.

Vipo pia vya mrija ambavyo mzazi huvuta kwa mdomo. Hivyo humpa uwezo wa kupunguza au kuongeza nguvu apendavyo, ila kichujio hubadilishwa kila baada ya matumizi, na vikiisha umekwama. Vya betri vina kelele inayomshtua mtoto, na havifanyi cha ziada kinachostahili gharama yake.

Lakini hata kipampu kizuri hakifui dafu bila matone ya maji ya chumvi. Mlaze mtoto chali, kichwa kimeinuka kidogo, tia tone 1 au 2 kila tundu, subiri kama dakika moja kamasi zilainike. Bonyeza tumbo la kipampu kabla ya kukipeleka puani. Wengi hukosea hapa: wakibonyezea ndani ya pua, hewa husukuma kamasi nyuma zaidi. Ncha ikae mlangoni tu, achia polepole, toa, kamulia kwenye kitambaa, futa ncha, nenda tundu la pili. Fanya kabla ya kunyonyesha, maana tumbo likiwa limejaa mtoto hutapika kwa urahisi.

Usizidishe mara 3 au 4 kwa siku. Ukivuta mno, utando wa pua huvimba, pengine hutoa damu, na pua inaziba kuliko mwanzo. Kama pua inakoroma lakini mtoto ananyonya na kulala vizuri, mwache. Mara nyingi matone peke yake yanatosha, chafya inamaliza kazi.

Kipampu kinasafisha pua, hakitibu kifua. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Vivyo hivyo kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, tundu za pua zikitanuka, akikataa kunyonya, au joto likifika 38°C akiwa hajatimiza miezi 3. Hapo ni hospitali mara moja, na usimpe dawa za mafua za dukani.

Kila ukimaliza, kifungue, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, acha vipande vikauke vikiwa vimetengana, midomo ikitazama chini. Cha silikoni huchemshwa iwapo maelezo ya pakiti yanaruhusu. Silikoni ikianza kunata au kuchanika kwenye ncha, kitupe.